Je, kisima cha kupinda kinaweza kuinusuru hifadhi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo kuhusu uchimbaji wa mafuta ndani ya hifadhi za wanyamapori, na upande unaounga mkono umekuja na hoja iliyonishinda kuijibu: kwamba siku hizi kisima huchorongwa kwa kupinda, mtambo ukakaa nje ya mpaka na mafuta yaliyo chini ya hifadhi yakatoka bila hata nyati mmoja kusumbuliwa. Je, ni kweli? Na kama mafuta yangegunduliwa chini ya Saadani, jambo hilo lingewezekana? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kupinda kunawezekana, tena si jambo la jana. Katika eneo la mafuta la Wytch Farm, kusini mwa Uingereza, wahandisi walichoronga kutoka nchi kavu kisima ambacho mwaka 1999 kilifika umbali wa zaidi ya kilomita 10 kwa ulalo, kikipita chini ya bahari. Kwa hiyo wanafunzi wako hawakuzua kitu. Walichokiacha nje ya hoja yao ni kina.

Kisima cha namna hii huanza kwa kushuka wima, kisha kekee, yaani kichwa kinachokata mwamba, huelekezwa kidogo kidogo hadi bomba lilale karibu sambamba na uso wa ardhi. Kadiri bomba linavyolala ndivyo linavyosuguana na kuta za shimo, na nguvu inayopaswa kuisukuma kekee huishia njiani. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni uzito wa mabomba yaliyosimama wima huko nyuma. Mwamba wenye mafuta ukiwa chini sana, sehemu ya wima huwa ndefu na uzito huwa wa kutosha. Ukiwa juu juu, hupati nafasi ya kukunja bomba wala uzito wa kulisukuma. Kwa hesabu ya darasani, chukua uwiano wa ulalo kwa kina wa tatu kwa moja: kina cha mita 3,000 kitakupa kilomita 9, lakini kina cha mita 600 kitakupa kilomita 1.8 tu. Wytch Farm ilivuka sana uwiano huo, ila kwa gharama ambayo si kila eneo la mafuta linaweza kuibeba.

Mfano ulio karibu nasi, na unaoihusu Tanga moja kwa moja, ni mradi wa Tilenga nchini Uganda, ambao mafuta yake yamepangwa kusafiri kwa bomba la kilomita 1,443 hadi hapa Chongoleani. Huko, katika bonde la Ziwa Albert, miamba yenye mafuta haiko chini sana. Visima zaidi ya 400 vilipangwa kuchorongwa kutoka viwanja 31, yaani sehemu zilizosafishwa ambapo mtambo husimama na kuchoronga visima kadhaa, na viwanja 10 kati ya hivyo viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Kupinda ndiko kulikowezesha visima vingi namna hiyo kukusanywa kwenye viwanja vichache, na hilo ni manufaa ya kweli ambayo hata mpinzani mkali wa mradi anapaswa kuyakubali. Hata hivyo, viwanja vilipungua idadi, havikutoka vyote hifadhini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa upande unaopinga ulikalie kwa muda mrefu zaidi, nalo ni kwamba shimo lenyewe ndiyo sehemu ndogo kabisa ya uchimbaji. Kabla ya mtambo kufika hufanyika utafiti wa mitetemo, yaani kuitetemesha ardhi na kusikiliza mwangwi wa miamba, ambapo magari mazito hupita kwa mistari juu ya eneo lote linalochunguzwa, hifadhi ikiwemo, kwa sababu huwezi kujua pa kuelekeza kekee bila kwanza kupata picha ya miamba. Kule Alaska, Marekani, katika uwanda wa pwani wa hifadhi ya wanyamapori iitwayo Arctic National Wildlife Refuge, utafiti wa aina hiyo ulifanywa majira ya baridi ya mwaka 1984 na 1985, na miongo kadhaa baadaye alama za magari yale zilikuwa bado zinaonekana kwenye uoto. Baada ya utafiti huja barabara, malori, mabomba ya kuunganisha viwanja, na maji ya kusukumia mafuta, ambayo kwa Tilenga yalipangwa kuvutwa kutoka Ziwa Albert.

Uwanda huo wa Alaska unafaa kwa mdahalo wako kwa sababu nyingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 2017 iliufungua, ikaweka kikomo cha ekari 2,000 kwa miundombinu ya juu ya ardhi, katika eneo la ekari zipatazo milioni 1.5. Kwa nambari, hicho ni kipande kidogo. Lakini bomba likiinuliwa juu ya nguzo, kinachohesabiwa ni ardhi iliyokaliwa na nguzo, si urefu wa bomba, na caribou (kulungu wa nchi za baridi) jike mwenye ndama mchanga hukwepa barabara na mitambo kwa kilomita kadhaa. Ekari zinazohesabiwa na ekari anazozipoteza mnyama si zile zile, na mimi, niliyekula mkate wa kazi hii kwa miaka mingi, naona kuzichanganya ni kumpotosha msikilizaji.

Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na upande wake wa mashariki ni bahari. Kama mwamba ungekuwa chini vya kutosha, shimo lingeweza kuanzia nje ya mpaka. Lakini mtambo wa kuchoronga hufanya kazi saa 24 chini ya taa kali, na ufukwe wa Madete ni mazalia ya kasa. Vitoto vya kasa huanguliwa usiku na kuelekea penye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa za mtambo au mwali wa gesi inayochomwa kisimani vingeweza kuvivuta upande wa nchi kavu, ambako hufa, hata kama mtambo haukukanyaga ardhi ya hifadhi. Kwa sababu hiyo mimi nisingeshauri kisima pale, kiwe cha wima au cha kupinda.

Upande unaounga mkono ukishikilia hoja yake, na uulizwe kwanza mwamba uko mita ngapi chini, kisha viwanja vitakuwa vingapi, maji yatatoka wapi, na taa zitafanywaje katika miezi ambayo kasa wanaanguliwa.