Pale Mabati Matatu ya Bawa Yanapokutana

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mwenzangu tunaunda ndege ndogo ya alumini, yenye viti viwili, katika banda lililo karibu na uwanja wa Kajjansi. Sasa tunavika bawa mabati yake. Bati la upande wa kiwiliwili na lile la upande wa ncha yanalaliana juu ya ubavu mmoja (kiunzi cha ndani kinachobeba mabati ya bawa), na bati la mbele linayalalia yote mawili. Penye kona hiyo umebaki uwazi unaopitisha ukucha. Fundi wa paa ametushauri tugonge ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyounganisha mabati, kwa nguvu zaidi. Je, itafaa? – Msomaji, Wakiso.

JIBU: Ndugu msomaji, haitafaa. Ushauri huo ni wa paa, ambako msumari wenye mpira chini ya kichwa huficha uwazi mdogo. Ribiti ya ndege ikigongwa hunenepa mwili mzima, na ikikuta nafasi kati ya mabati mawili hunenepa humo humo, ikayatenganisha moja kwa moja badala ya kuyabana. Uwazi huondolewa kabla ya ribiti ya kwanza kutiwa.

Chanzo chake ni hesabu ya unene. Tuseme bati lenu lina milimita 0.8: kando ya kona bati la mbele limelalia bati moja, lakini penye kona limelalia mawili, kwa hiyo hulazimika kupanda milimita 0.8 na kushuka tena katika nafasi fupi. Dawa ni kupunguza kona za yale mawili ya chini, katika eneo litakalofunikwa na bati la mbele tu. Bati la chini kabisa lipunguzwe uso wake wa juu, na la kati uso wake wa chini, kwa mteremko unaoanzia kwenye unene kamili na kuishia karibu na sifuri ukingoni, ili yakilaliana jumla yao ikaribie unene wa bati moja. Tumieni tupa laini, mmalizie kwa msasa, na mjaribu mara kwa mara kwa kuyashikiza mabati kwa pini za kleko, yaani vishikizo vya muda vinavyopitishwa kwenye matundu ya ribiti. Bati la mbele msiliguse, na michoro ya mtengenezaji ikieleza vingine, fuateni michoro. Mipaka ya eneo hilo ichorwe kwa kalamu ya wino, kamwe si kwa msumari, kwa sababu mkwaruzo mdogo kwenye alumini ngumu ndipo ufa unapoanzia.

Tupa huondoa pia tabaka jembamba la alumini safi linalokinga bati dhidi ya kutu. Kwa unyevu wa hewa ya Ziwa Victoria nisingeacha sehemu hiyo wazi hata wiki moja: isafisheni, muipake praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), na muipake pia sehemu yote ambayo mabati yanagusana.

Ukingo mrefu wa bati la juu una tatizo lake. Hata penye mabati mawili tu, huelekea kuinuka kati ya ribiti na ribiti, kwa hiyo hukunjwa kidogo kuelekea chini, pembe ya nyuzi chache tu katika milimita 5 au 6 za mwisho, kwa kifaa chenye magurudumu mawili. Jaribuni kwanza kwenye kipande chakavu, kwa maana mkunjo ukizidi huacha tuta ambalo rangi haitalificha. Msipunguze upana wa ukingo ili kuficha kosa: kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pawe na angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti, yaani milimita 4.8 kwa ribiti ya milimita 2.4.

Wakati wa kugonga, anzieni katikati ya bati mkielekea kingo zilizo huru, na penye tabaka nyingi chagueni ribiti ndefu zaidi. Fanyeni kazi hiyo asubuhi, bawa zima likiwa kivulini. Bati la mita 2.5 likipata joto la nyuzi 20 zaidi ya mbavu zake hurefuka kwa zaidi ya milimita 1, na tofauti hiyo ikifungiwa kwa ribiti, bati litavutana litakapopoa.

Bati la upande wa chini wa bawa lisifungwe kabla ya mkaguzi kuona ndani. Wasilianeni mapema na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda kuhusu ukaguzi huo.