Jibu: Ncha ya moyo kwenye blanketi la viraka

Dada, umeuliza kwa nini ncha ya chini ya moyo kwenye blanketi la mtoto inakatika ukishaunganisha nusu mbili. Nakuambia angalia upana wa mshono. Mafundi wetu hapa Moshi wanaacha nafasi kubwa ili gauni liweze kuongezwa baadaye. Kwenye viraka ni robo inchi tu, kila mahali; ukizidisha, mshono unameza ncha.

Moyo wa inchi 8: kata vipande viwili vya kitenge, inchi 4½ kwa 8½. Juu ya kila kimoja, kwenye mwisho wake wa chini, laza mraba mweupe wa inchi 4½, piga chaki kona kwa kona, kutoka ubavu wa nje ushuke hadi kona ya katikati, shona juu ya mstari huo. Cha pili kielekee upande wa pili, vinginevyo unapata nusu mbili za kushoto! Kona za juu weka miraba myeupe ya inchi 1½, nayo ishone kona kwa kona. Punguza ziada, piga pasi, ndipo uunge.

Kitenge chekundu kifue kwanza mpaka maji yatoke safi. Kinachuja, na nguo ya mtoto inafuliwa kila mara. Kwa baridi ya Julai, nyuma ya blanketi weka kitambaa cha flana.