Vipimo vya kumbukumbu na kasi ya kufikiri kwa wagonjwa wa MS wanaozungumza Kiajemi

Ndugu, umeuliza kama kutafsiri BICAMS (seti fupi ya vipimo vitatu vya akili kwa wagonjwa wa MS, ugonjwa unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo) kwa Kiajemi kunatosha. Hakutoshi, ila kwanza tafuta matoleo ya Kiajemi yaliyokwisha kufanyiwa utafiti Iran. Usianze upya bila sababu.

SDMT, kipimo cha kasi ya kufikiri ambamo mtu hulinganisha ishara na tarakimu, ndiyo rahisi: ishara hazitafsiriwi, maelekezo tu. Tumia jibu la mdomo, sekunde 90, maana mkono dhaifu hupunguza alama hata akili ikiwa nzima. Mstari wa mazoezi usiuruke: msomaji wa Kiajemi amezoea kuanzia kulia, na karatasi huanzia kushoto.

Kazi kubwa ni CVLT-II, kipimo cha kukumbuka orodha ya maneno. Maneno 16 ya makundi 4 hayabadilishwi kwa kamusi. Chagua ya Kiajemi yanayolingana kwa urefu, kwa kutumika kila siku, na kwa jinsi yanavyowakilisha kundi lake. Ukiweka tunda lisilojulikana sana, unapima msamiati. Ukiongeza ufasaha wa herufi (kutaja maneno mengi yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja), F-A-S, herufi za kipimo cha Kiingereza, haifai. Epuka pia sauti ya “s”, ambayo Kiajemi huiandika kwa herufi 3, mtu akabaki akiwaza tahajia huku dakika ikikatika.

BVMT-R, kipimo cha kukumbuka michoro, iache na michoro yake 6, sekunde 10 kila onyesho.

Kisha pima watu wazima wenye afya wasiopungua 65, wanaofanana na wagonjwa kwa umri, jinsia na hasa elimu. Rudia baada ya wiki 1 hadi 3. Viwango vya Marekani usivitumie: mgonjwa aliyesoma miaka michache ataonekana ameathirika kuliko alivyo.