Kabla hujamwanika mjomba wako, shika kalamu

Usiitume orodha hiyo Jumapili. Umeeleza kwamba mjomba wako hulijaza kundi la familia video za njama za uchaguzi kila kukicha, na kwamba umemwandalia orodha ya uongo wake, pamoja na takwimu sita ulizozisikia redioni, ili umwanike mbele ya ukoo mzima. Mimi nilifanya jambo hilo hilo mwezi Agosti 2022, na kaka yangu mkubwa hakusema nami kwa miezi mitano.

Katika uchaguzi wa urais wa Kenya nilikuwa nimempigia kura Raila Odinga, na matokeo yalipotangazwa tarehe 15 katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, kwamba ameshindwa na William Ruto, niliumia sana. Makamishna wanne wa tume ya uchaguzi waliyakana siku hiyo hiyo, na kesho yake wakasema kwamba asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni takriban kura 142,000. Namba hiyo ilinikaa moyoni papo hapo, kwa sababu Ruto alikuwa amevuka nusu ya kura halali kwa kura zisizofika 70,000. Jioni mtangazaji mmoja, ambaye nilimsikiliza kila siku nikirudi kazini, aliirudia namba ile mara tatu kwa sauti ya mtu aliyemshika mwizi mkono ukiwa mfukoni. Niliiandika kama nilivyoisikia, nikaituma kwa jamaa zetu wapatao arobaini.

Kaka yangu ni mwalimu wa hesabu. Alijibu kwa maneno matano tu: "Hebu piga hesabu hiyo tena." Kisha akatuma picha ya ukurasa wa daftari. Sikuifungua. Niliona ananidharau mbele ya watu, nikamwandikia kwamba amekula pesa za upande ule na kwamba marehemu baba angemwonea haya. Usiku huo huo alijiondoa katika kundi.

Huyo ndiye aliyekuwa akikusanya michango ya matibabu ya mama. Yeye ndiye aliyejua nani ameahidi kiasi gani, nani apigiwe simu mara mbili, nani asaidiwe kwanza ndipo aombwe. Alipoondoka, michango ilisimama, na upasuaji wa nyonga ya mama uliopangwa Oktoba ukasogezwa hadi Februari. Miezi minne mama aliamka usiku akishika ukuta kwenda msalani, kwa sababu ya namba ambayo sikuihesabu.

Picha ile niliifungua Januari. Kaka alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha madaftari ya wanafunzi: kura halali 14,213,027, zidisha kwa 0.0001, yaani asilimia 0.01, jibu 1,421. Chini yake alikuwa ameonyesha kwamba hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu yeyote, kwa maana mgombea aliyepata kura 31,987 alikuwa na asilimia 0.225 na kitu, ikaandikwa 0.23, na wengine nao wakakadiriwa vivyo hivyo hadi jumla ikapita mia moja. Hesabu ya darasa la saba! Mtangazaji yule alikuwa na kikokotoo katika simu yake kama mimi, na jopo la wageni mbele yake, lakini hakuna aliyekigusa, na wala sikumsikia hata siku moja akirudi hewani kusema alikosea. Bado ana kipindi chake. Hasira niliyo nayo juu yake haijapoa, kwa sababu alitangaza akijua sisi tutakwenda kugombana nyumbani kwetu, si kwake.

Kwa hiyo nakusihi jambo moja: namba yoyote ya kisiasa usiipeleke kwa ndugu yako mpaka uwe umeikokotoa kwa mkono wako, kwenye karatasi, ukiwa na jumla ambayo namba hiyo imetokana nayo. Anza na zile zinazokufurahisha, kwa sababu hizo ndizo tunazozipitisha bila kuzikagua.

Wala usimwite mjomba wako mwendawazimu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa urais, na waliokuwa wakishuku kabla ya siku hiyo walikuwa wakiitwa majina hayo hayo. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ililitupa shauri la kupinga matokeo, baada ya fomu za vituoni kulinganishwa na zile zilizowekwa kwenye tovuti ya tume. Mtu aliyeyaona yote mawili ana haki ya kuuliza. Mpigie simu, msiandikiane mbele ya watu, na umwombe mfanye hesabu moja pamoja, yeye akiwa na kalamu yake na wewe yako.

Katika takwimu zako sita, ni ngapi umezikokotoa mwenyewe?