Maswali ya Wasomaji: Siku ya Ziada pale Horombo

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arusha. Walimu wanane tumekubaliana kupanda Mlima Kilimanjaro mwezi Desemba kwa njia ya Marangu, na tumeletewa bei mbili, ya siku tano na ya siku sita. Wenzangu wengi wanataka siku tano ili kuokoa fedha, wakisema kwamba sisi ni watu wa huku milimani na miili yetu imekwishazoea. Wengine wanasema tukimeza Diamox, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, inatosha. Tuamue nini?
Mwalimu, Sakina

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Chukueni siku sita, na kama fedha haitoshi, ni heri muahirishe safari mpaka itakapotosha kuliko kuikata siku hiyo moja. Nilifanya kazi ya kuongoza wageni mlimani kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na katika mambo yote ambayo watu hulipia kule juu sijaona kinachoishinda siku ya ziada pale Horombo, kambi ya pili ya kulala kwenye njia hiyo.

Tazama hesabu yenyewe. Lango la Marangu liko kwenye mwinuko wa mita 1,860 hivi. Usiku wa kwanza mtalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu mtafika Kibo, mita 4,720, mpumzike saa chache tu, kisha karibu na usiku wa manane mwamshwe kuanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba mtu akishavuka mita 3,000 asiongeze mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Nyinyi mtakuwa mnaongeza mara mbili ya hapo. Anayechukua siku sita hulala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati hupandishwa hadi kwenye miamba yenye mistari myeusi na myeupe iitwayo Zebra Rocks, pengine na mbele kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi, kisha akarudi kulala pale pale alipoamkia. Panda juu, lala chini: ndiyo kanuni ambayo waongozaji wote wa njia za Marangu na Machame wanaijua kwa moyo.

Sababu yake ni hii. Watu husema kwamba kule juu oksijeni imekwisha, lakini sehemu ya oksijeni katika hewa ni asilimia 21 kileleni kama ilivyo ufukweni Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kiasi kwamba kila pumzi unayoivuta pale Uhuru inakuletea takribani nusu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga. Mwili hujibu kwa kuhema haraka zaidi, mchana na usiku, na figo nazo hurekebisha damu ili iweze kuvumilia kuhema huko. Kazi hiyo inahitaji siku. Haiharakishwi na misuli, wala ujana, wala sala, ingawa sala sikukatazi.

Kuhusu kuwa watu wa huku milimani, Mwalimu, naomba uwaeleze wenzako kwa upole. Arusha iko mita 1,400 hivi, na Moshi haifiki hata 1,000. Maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kwa watu kuanzia kama mita 2,500, kwa hiyo kuzaliwa Sakina au hata Marangu hakukupi kinga yoyote pale Kibo. Mazoezi nayo husaidia miguu na moyo, lakini hayamkingi mtu na maradhi haya. Tena mwenye nguvu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hupanda mbio na huona aibu kusema.

Kijana mmoja niliyempandisha miaka hiyo, mchezaji wa mpira, mwenye kifua kama ngoma, alikuwa ameuziwa safari ya siku tano na kampuni iliyokuwa ikishindania wateja kwa bei ya chini. Kichwa kilianza kumuuma Horombo, naye akajikaza kisabuni asiwaharibie wenzake. Kibo, saa tano usiku, nilimwona ameinama anafunga kamba za buti. Alizishika, zikamponyoka, akazishika tena, akazitazama kama mtu asiyekumbuka fundo linaanzia wapi. Nilimtoa nje, nikachora mstari kwenye majivu kwa fimbo yangu, nikamwambia atembee juu yake akigusanisha kisigino na vidole. Hatua ya tatu akayumba, nikamdaka. Hatukusubiri kukuche. Tulimshusha usiku ule ule kwa machela ya gurudumu moja hadi Horombo, na asubuhi akawa ameketi anakunywa uji, akiuliza kwa nini hatuko kileleni. Nilijilaumu kwamba sikumbana kwa maswali siku moja kabla, nami tangu hapo kila jioni nilimuuliza kila mtu peke yake, mbali na wenzake: kichwa kikoje, umekula kiasi gani, umelalaje.

Fanyeni hivyo hivyo. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usioelezeka ni ishara ya kutopanda zaidi mpaka hali itulie, na isipotulia ni kushuka. Lakini mtu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, au kuhema kwa shida akiwa ameketi tu huku akikohoa, hapo ubongo au mapafu yanajaa maji, na dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Mkubaliane mapema, mkiwa bado Arusha, kwamba neno la mwongozaji la kumrudisha mtu halitabishaniwa.

Diamox si uongo. Dawa hiyo huifanya damu iwe na asidi kidogo zaidi, na hilo huusukuma mwili uheme vizuri, hasa usingizini. Wengi hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itawapeleka haja ndogo mara kwa mara na kuwatia ganzi vidoleni, msishtuke. Hata hivyo mwoneni daktari kwanza, na yeyote aliyewahi kudhurika na Septrin au dawa nyingine za salfa amweleze wazi. Nayo huusaidia mwili kuzoea, haichukui nafasi ya siku. Vidonge vya usingizi na pombe viacheni kabisa, kwa kuwa vyote hupunguza kuhema usiku.

Kwa maandalizi, anzeni angalau miezi mitatu kabla. Kila Jumamosi pandeni kutoka Ilboru hadi karibu na msitu mkiwa na mzigo wa kilo sita au saba mgongoni, na mshuke kwa miguu pia, maana magoti huumizwa na kushuka kuliko kupanda. Mkipata nafasi, pandeni Mlima Meru kwanza, kutokea lango la Momella, mkilala Miriakamba mita 2,514 na Saddle mita 3,570, mkiongozana na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Mkiupanda wiki moja kabla ya Kilimanjaro, miili itakuwa imeanza kuzoea hewa. Mkiupanda miezi miwili kabla, faida hiyo itakuwa imepotea, lakini kila mmoja atakuwa amejijua, na hilo si dogo. Na kwa kuwa ni Desemba, wekeni nafasi mapema: Watanzania wengi hupanda kuelekea tarehe 9, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kileleni, na mabanda ya Marangu hujaa. Mvua za vuli huwa hazijakatika bado, kwa hiyo msitu utakuwa na tope.

SWALI: Nimeambiwa vifaa vya kupandia vinagharimu kuliko safari yenyewe. Je, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kujivalisha kwa mitumba? Nafanya biashara ndogo Moshi mjini.
Dada wa Majengo

JIBU: Anaweza, dada yangu, na wapagazi wengi ndivyo wanavyofanya. Nenda soko la Memorial asubuhi mzigo mpya ukifunguliwa. Unatafuta tabaka tatu: vazi jepesi la kubana mwili lisilo la pamba, sweta zito la sufu au la manyoya laini ya plastiki, na juu yake jaketi na suruali zisizopitisha maji. Usiamini maneno ya muuzaji kuhusu maji. Mwombe akuruhusu umwagie mkono wa jaketi maji kidogo, kisha ubonyeze kwa kidole kwa ndani. Kidole kikitoka na unyevu, lirudishe. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, kwa kuwa zikilowa hazikauki, na joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usiku wa kilele utakuwa chini kabisa ya sifuri.

Fedha uliyookoa iweke kwenye buti. Nunua linaloacha nafasi ya upana wa kidole mbele, ulivae sokoni, dukani na kanisani kwa wiki sita, ama sivyo kucha zako zitang'oka siku ya kushuka. Mfuko wa kulalia na tochi ya kichwani kodisha. Chupa ya maji iwe ya kudumu, kwa kuwa zile za kutupa haziruhusiwi hifadhini, na usiku wa kilele uibebe kichwa chini, maana barafu huanza kuganda juu na mdomo utabaki wazi.

SWALI: Binti yangu wa miaka 19 amealikwa na wenzake wa chuo. Yeye hana ugonjwa wa selimundu ila amepimwa akaonekana amebeba vinasaba vyake. Nimruhusu?
Baba, Njiro

JIBU: Mzee wangu, umeuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asipande. Aliyebeba vinasaba tu, wengi hupanda na kurudi salama, lakini ipo hatari inayojulikana ya bandama kukosa damu kule juu, na dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Ampelekee daktari cheti chake, mwongozaji aambiwe kabla ya langoni, asikose maji hata siku moja, na achague njia ya siku nyingi. Maumivu hayo yakitokea, anashuka na kwenda hospitali. Asiambiwe ni gesi.

SWALI: Mwanangu ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anabeba mizigo ya wageni. Naomba uwaambie wanaopanda wawaangalie hawa watoto.
Mama, Kibosho

JIBU: Mama, nawaambia. Mpagazi naye huugua mwinuko, naye huona baridi, na mara nyingi nguo zake ni nyembamba kuliko za anayembebea. Mzigo wa mgeni anaoruhusiwa kubeba hauzidi kilo 20, na mizani iko langoni. Mwalimu wa Sakina na wenzako, mkifika Marangu msiketi kwenye kivuli kusubiri majina yaitwe. Simameni karibu na mizani mizigo ikipimwa, muulize wagumu wenu watalala wapi na watakula mara ngapi kwa siku, na swali hilo hilo la kichwa mnaloulizana jioni, waulizeni na wao.