Atachimenti wapya: skripti yenu haijakufa, inangoja Enter

Kila kundi la atachimenti (wanafunzi wa mafunzo kazini) linaloingia hapa Mombasa huja na skripti ile ile: `apt-get install -y`, amri ya kusakinisha vifurushi vya programu kwenye Ubuntu, halafu mwenye skripti huyoo, mahamri na mbaazi. Akirudi, dirisha la zambarau limesimama linamngoja abonyeze OK. Haya, wanangu, tukae kitako.

1. `-y`, yaani "ndiyo", hujibu maswali ya apt tu. Maswali ya debconf, chombo ambacho vifurushi hukitumia kuuliza mipangilio, hunyamazishwa hivi (tzdata ni kifurushi cha saa za kanda): `sudo DEBIAN_FRONTEND=noninteractive apt-get install -y tzdata`. Tazameni ilipokaa sudo, amri ya kupewa mamlaka ya msimamizi. Mkitanguliza kigeu, yaani hiyo DEBIAN_FRONTEND, mbele ya sudo, sudo hukifuta njiani na dirisha hurudi vile vile. Seva ikibaki UTC, `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`. Mombasa haimo kwenye orodha, msijisumbue kuitafuta.

2. `yes | apt-get upgrade`. Hii ndiyo inayotuharibia usingizi. dpkg, programu ambayo apt huituma kusakinisha vifurushi, ina swali lake, mbali kabisa na debconf, juu ya faili za mipangilio zilizo /etc. Huliuliza pale tu ambapo wewe umeibadilisha faili na kifurushi kipya nacho kimekuja na toleo jipya la faili hiyo. Hapo Y si "endelea", ni "weka ya mtengenezaji". Mkibonyeza Enter mtupu, yenu inabaki. Lakini `yes` haibonyezi Enter mtupu, inamimina y. Basi nginx.conf, mipangilio ya seva ya tovuti ya nginx, iliyopangwa kwa uangalifu inaondoka, inaingia ile ya kifurushini, upgrade inamalizika bila kosa hata moja, nginx inawaka. Asubuhi wateja wa Kilindini wanapiga simu, na ninyi mnawasha upya rauta! Acheni rauta. Andikeni `find /etc -name '*.dpkg-old'`, faili yenu ya zamani imelala humo.

Wala noninteractive haizuii swali hili. Ndani ya cron, kiendesha kazi kwa ratiba, pasipo wa kujibu, dpkg hukata kamba na "end of file on stdin at conffile prompt". Dawa ni `-o Dpkg::Options::="--force-confdef" -o Dpkg::Options::="--force-confold"`: ya kwanza huchukua jibu la kawaida likiwepo, ya pili hubakisha faili yenu lisipokuwepo. Toleo jipya huwekwa kando kama .dpkg-dist. Lilinganisheni na lenu kwa amri ya diff, maana mara nyingine lina mpangilio mnaouhitaji.

3. Kifurushi kikitaka jibu halisi, kipeni mapema kwa `debconf-set-selections`. Majina ya maswali msiyabuni: sakinisheni kwa mkono kwenye mashine ya majaribio, kisha `debconf-get-selections`, iliyomo kwenye debconf-utils.

4. Kuanzia Ubuntu 22.04 kuna needrestart, inayouliza huduma zipi ziwashwe upya baada ya usakinishaji. Iwashe zenyewe bila kuuliza: `NEEDRESTART_MODE=a`, nayo baada ya sudo. Kwenye seva ya hifadhidata wekeni `l`, iorodheshe tu, mjipangie wenyewe saa ya kuwasha upya.

5. expect, programu inayojibu maswali ya skrini kwa niaba yenu, ni ya visakinishi visivyo na njia nyingine, na someni `--help` kwanza. Aliyepiga Ctrl+C katikati asianze upya: `sudo dpkg --configure -a`.