Mama wa ng'ambo ya pili

Ukurasa wa barua, kutoka Bukavu

SWALI: Jambo mama. Sisi ni vijana watatu wa Kadutu, tunafuatilia kwa Kifaransa Fringe, tamthilia ya Marekani yenye dunia mbili pacha, ambamo kila mtu ana mwenzake ng'ambo, na tumebishana hadi tukanuniana. Mimi nasema adui ni yule Walter wa ng'ambo, waziri wa ulinzi mwenye uso mgumu, kwa sababu anataka kuangamiza dunia ya upande huu, ya akina Olivia, yule mpelelezi. Wenzangu wanakataa. Unasemaje? (Kijana wa Kadutu)

JIBU: Mwanangu, niko upande wa wenzako. Yule waziri aliibiwa mtoto nyumbani mwake, na mwizi, Walter wa upande huu, alikuwa na sura yake yeye mwenyewe, hata mkewe akamkabidhi mtoto akidhani ni mumewe. Hasira imemharibu, hilo nakubali. Lakini kumbuka anavyokataa dawa ijaribiwe kwa watoto, ingawa dunia yake inakufa. Walter wetu tunayempenda, mwenye ng'ombe maabarani, ndiye aliyewapa watoto wa Jacksonville dawa ya majaribio, Olivia akiwa mmoja wao. Rudini mtazame tena, halafu mpatane.

SWALI: Jambo sana, mama. Naandika kutoka Goma, kartye ya Katindo. Mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipopasuka tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mimi na mume wangu tulikuwa na miezi 3 tangu tumzike mtoto wetu wa pekee. Homa ilimchukua kwa siku 2. Siku 5 baada ya mlima, tulipoamriwa kuhama mji, tulishika njia ya Sake kwa miguu, godoro juu ya chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo. Karibu na Mubambiro tulikuta mtoto wa kiume kando ya barabara, peke yake, miaka 2 hivi, amevaa triko ya manjano. Tuliuliza watu hadi usiku. Hakuna aliyemjua. Tukambeba.

Tuliporudi Goma hatukumtangaza popote. Tulimpa jina la marehemu wetu. Sasa anasoma mwaka wa kwanza, na mimi ndiye mama yake. Mwezi uliopita, sokoni Virunga, mwanamke anayeuza sambaza aliona kovu lake juu ya sikio. Akaniuliza mtoto ni wa nani, maana anamfahamu mama aliyepotelewa na mwanawe njia ya Sake, na mwana huyo ana kovu palepale. Nikamjibu: ni wangu. Niliondoka hata samaki sikuchukua.

Halafu mpwa wetu akatuletea Fringe kwenye flashi. Tulipofika pale Walter anapovuka kumchukua Peter, mtoto wa ng'ambo, mume wangu alisimama, akatoka nje, akakaa gizani. Hataki tuzungumze. Anasema tulimwokoa, basi. Ile triko bado ninayo, chini ya sanduku. Mama, tuliokoa au tuliiba? (Mama wa Katindo)

JIBU: Mdogo wangu, barua yako nimelala nayo siku kadhaa.

Niwaeleze kwanza wasioijua tamthilia hii, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2013. Walter Bishop ni mwanasayansi wa Harvard aliyetengeneza dirisha la kuchungulia dunia nyingine, pacha wa hii yetu. Mwanawe Peter anafariki kwa ugonjwa. Dirishani anamwona Peter wa ng'ambo anaumwa uleule, na baba wa kule, kwa kugeuza macho mara moja tu, amekosa kuona kwamba dawa imepatikana. Basi mwaka 1985, juu ya barafu ya ziwa Reiden, Walter anavuka na kichupa cha dawa. Nina Sharp, mwenzake, anajaribu kumzuia, anapoteza mkono. Kichupa kinavunjika. Anambeba mtoto aje kumtibu upande huu, akiwa ameahidi kumrudisha. Mtoto anapona. Lakini mkewe wa upande huu, Elizabeth, amemwona yule mtoto, na Walter ameuona uso wa mkewe. Mtoto harudishwi.

Kuvuka ziwa simlaumu hata kidogo. Mtoto anakufa na wewe una dawa, utakaaje? Ninachomlaumu ni asubuhi iliyofuata, na nyingine baada yake. Mtoto anakula, anacheza, na kule ng'ambo kuna mwanamke anayengoja mume arudi na mwana aliyempa kwa mikono yake.

Njiani Mubambiro mliokoa. Asije mtu akakwambia vingine. Sokoni, uliposema "ni wangu" na moyo wako ukijua, hapo ndipo wizi ulipoanzia. Nakuambia kwa uchungu, kwa sababu mimi nimekuwa huyo mtoto.

Nililelewa na mama mdogo hapa Bukavu, Nyawera. Nilikuwa na miaka 16, kwenye matanga ya babu, niliposikia kwamba mama aliyenizaa yuko hai, anaishi Uvira. Uvira! Si mbali kiasi cha mtu kushindwa kufika. Mama mdogo nilimpenda hadi siku niliyomzika, na sikuacha kumwita mama. Lakini yule wa Uvira nilipata naye miaka 2 tu kabla hajafariki. Alikuwa fundi wa kushona, alipenda chai bila sukari. Mengine ninayoyajua juu yake ni machache sana. Waliokuwa wanajua wakanyamaza, hadi leo nina neno nao.

Peter naye aligundua mwenyewe, mtu mzima, kitandani hospitalini. Walter alikuwa ameandika barua ya kuungama, hakuwahi kumpa. Kijana akaondoka.

Mume wako usimfokee. Mtu aliyetoka nje akakaa gizani ameshajijibu, anaogopa tu kuzika mara ya pili. Mkae naye mtazame mwisho wa msimu wa 2, pale Peter anapokutana na mama yake wa kweli baada ya miaka 25. Amwangalie yule mama. Usimwambie neno. Na siku nyingine mfike hadi mwisho kabisa, msimu wa 5, pale Peter anapoagana na Walter na kumwita baba. Anajua yote aliyofanya, na bado anamwita hivyo.

Kwa yule muuza sambaza usimpeleke mtoto. Makovu ni mengi, na baada ya volkano ile waliopotelewa na watoto walikuwa wengi. Nendeni wawili, wewe na baba watoto, kwa Msalaba Mwekundu; kutafuta ndugu waliotengana ni kazi yao. Waelezeni mahali, siku, kovu, na jinsi mlivyouliza watu usiku ule. Wao ndio watakaomhoji yule mama, kabla mtoto hajaambiwa lolote la kumtikisa. Huenda si wake. Akiwa wake, ombeni mfahamiane nyumba kwa nyumba, polepole, mtoto asing'olewe kama muhogo.

Na kuna jambo ambalo hukuniuliza. Jina. Yule mliyemzika Februari ile anastahili jina lake libaki lake, nanyi mnastahili kumlilia. Sidhani mlipata nafasi.

Triko ya manjano itoe sandukuni. Uende nayo.